Nyumba Tatu, Faili Moja

Uni Yus, na 'uni' kwetu ni dada mkubwa, alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu aliongea na watu wazima kama vile kengele imeshalia na wao bado wanazurura uwanjani. Siku aliyoingia ofisini kwetu Payakumbuh, huku Sumatra, alikuja na wadogo zake wawili nyuma, akaweka hati ya kiwanja mezani, akasema:

"Tunataka nyumba tatu. Zifanane kama mayai. Ya mmoja ikimzidi mwenzake hata kwa kitasa cha mlango, tutauana, na nyinyi mtaitwa mashahidi."

Alikuwa anamwambia bosi wangu, Bu Nidar, aliye msanifu majengo. Lakini macho yake yalikuwa kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mbele ya kompyuta.

Kiwanja kilikuwa cha mama yao, Amak Rosma, na kabla yake cha mama yake. Kwetu ardhi hufuata wanawake. Mume anayehamia kwa mkewe ni kama jivu juu ya kisiki: upepo ukitaka, unampeleka. Uda Syaf, yaani Kaka Syaf, mume wa yule dada wa kati, Uni Des, alikuja pia siku hiyo. Alikaa karibu na mlango. Bu Nidar alipomwuliza kwa adabu anapenda paa la namna gani, akajibu, "Lisilovuja," na hakusema neno jingine mpaka walipoondoka.

Kazi yenyewe ilinifurahisha. Nyumba tatu zinazofanana ni kazi ya nyumba moja. Nilijenga ya kwanza ndani ya kompyuta, kuta, milango, ngazi, paa, nikaifunga yote iwe kitu kimoja, kisha nikatoa nakala mbili na kuzipanga kwenye mstari, uchochoro wa mita mbili kati ya nyumba na nyumba. Nakala za namna hiyo ni pacha kwelikweli. Ukimkata mmoja kucha, wote watatu wanakatwa kucha.

Nilikuwa nalijua hilo. Anayefanya kazi yangu asijue hilo ni sawa na mpishi asiyejua kwamba moto unaunguza. Tena Bu Nidar alikuwa ameniandikia kwa mkono wake, kwenye vikaratasi vya njano alivyobandika ukutani juu ya skrini yangu. KABLA HUJAGUSA, ULIZA: NAGUSA KIMOJA AU VYOTE? Kingine: ULICHOKIFICHA BADO KIPO. Kingine: ZUNGUSHA JENGO LOTE KABLA MTEJA HAJALIONA. Kilikuwepo na kinachosema kila ukuta upewe jina, kwa sababu wakati fulani nilimletea faili yenye vitu mia mbili vilivyoitwa "ukuta", kimoja kikiwa sinki. Nilivisoma vikaratasi hivyo kama watu wanavyosoma maandishi madogo nyuma ya tiketi ya basi.

Wiki haikuisha, Nelti akaja peke yake. Huyu ndiye kitinda mimba wao, muuguzi, mwenye sauti ya kukuomba mkono wakati sindano tayari imeshaingia. Alileta mfuko wa batiah, ile mikate ya mchele iliyokaangwa, akauweka karibu na kipanya changu.

"Mon," akasema, "chumba changu cha kulala hakina bafu."

"Vya wote havina, Uni."

"Mimi nazungumzia changu. Kakibafu kadogo tu, ubavuni kushoto, mita moja na nusu. Dada zangu wasijue."

"Na yale mayai?"

"Mayai yanafanana kwa nje, Mon. Umeshawahi kuona mtu anayakagua kwa ndani?"

Batiah zilikuwa bado za moto. Nikafanya.

Sasa, kompyuta yangu ni ya siku nyingi. Nikiifungulia nyumba tatu kwa pamoja inapumua kama mzee anayepanda ngazi. Kwa hiyo nikaficha nyumba mbili, nikaficha paa, nikaficha kila kitu isipokuwa chumba cha Nelti, nikamjengea bafu lake kwa raha zangu. Kutenganisha ile nakala kwanza, jambo la kubofya mara moja tu, hakukunipitia hata akilini. Nilikuwa natafuna.

Siku tatu baadaye akaja Uni Des. Yeye hupikia watu wa harusi, na rendang yake, ile nyama iliyokaukia kwenye tui la nazi, watu wa mji wa Padang huipigia simu. Alikuja na bakuli.

"Nataka dirisha mbele, Mon. Pana, lenye kibao cha nje, niuzie chakula."

"Uni, mlikubaliana nyumba zisizidiane."

"Tulikubaliana vitasa. Ulisikia mtu akitaja dirisha?"

Nikaficha kila kitu isipokuwa ukuta wa mbele, nikatoboa dirisha. Nililamba bakuli lile, na siogopi kusema.

Wa mwisho alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Alifika na pikipiki, akavua kofia ngumu, akafunga mlango wa ofisi nyuma yake, akaweka mezani lamang, ule wali wa kunata unaochomwa ndani ya mwanzi. Bu Nidar alikuwa saiti.

"Jiko langu," akasema Uni Yus, "uliongeze mita moja na nusu upande wa kulia. Hawa wadogo zangu wana familia ndogo. Sikukuu wageni wote huja kwangu."

"Lakini Uni, sheria ya kitasa ni wewe uliyeitunga."

"Ndiyo maana najua wapi inapinda. Kula lamang hiyo, isipoe."

Nikaficha kila kitu isipokuwa jiko.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikwenda kuwaonyesha michoro nyumbani kwa Amak Rosma, nyumba ya zamani ya mbao yenye sakafu inayolalamika kila ukipiga hatua. Kwenye gari Bu Nidar akaniuliza, "Umeizungusha yote?"

"Nimeizungusha," nikasema. Nilikuwa nimeizungusha kweli, mwezi uliopita.

Walikuwa wamekaa wote kwenye mikeka. Dada watatu mbele, Uda Syaf karibu na mlango, Amak kwenye kiti pekee, mwembamba, miaka themanini na mbili, akitafuna tambuu na kumwangalia kila mtu kama anayesubiri kuchekeshwa. Nikaunganisha kompyuta na televisheni yao. Nikafichua nyumba zote, nikaanzia getini.

"Hii hapa, nyumba ya Uni Yus," nikasema.

Uni Des, aliyekuwa anamimina chai, akaacha kumimina. "Lile dirisha ni la nini?"

Nikaliangalia. Lilikuwa dirisha pana, lenye kibao cha nje.

Nikasogeza haraka kwenda nyumba ya pili. Dirisha. Ya tatu. Dirisha. Nikadhani nikipita nyuma ya nyumba nitapata nafasi ya kufikiri, na hilo likawa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa na majiko.

"Mbona jiko la Des limenenepa?" akauliza Uni Yus polepole.

"Langu?" Uni Des akasimama. "Mimi nimeomba jiko? Nimeomba dirisha!"

"Kumbe umeomba dirisha!"

"Na wewe umejuaje kwamba jiko limenenepa, kama hukuwa unajua lilivyokuwa jembamba?"

"Jamani," akasema Nelti kwa ile sauti yake ya sindano, "tusigombane mbele ya wageni. Kila mtu..." Hapo akanyamaza, akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa televisheni. "Mon. Hicho nini hapo kando ya jiko la Uni Yus?"

Nikasogeza karibu mpaka picha ikapenya ukuta, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea kutii. Jiko la nyumba ya kwanza lilikuwa limeongezeka kwenda kulia, likaingia uchochoroni. Bafu la nyumba ya pili lilikuwa limeongezeka kwenda kushoto, likaingia uchochoro huohuo. Mita moja na nusu na mita moja na nusu ni mita tatu, na uchochoro ulikuwa wa mita mbili. Katikati ya jiko la mwalimu mkuu mstaafu, kati ya sinki na kabati la vyombo, kilikuwepo choo cheupe cha kukaa, kimetulia, mfuniko juu.

"Angalau," akasema Uda Syaf kutoka mlangoni, "mgeni hatauliza msala uko wapi."

Amak alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Wengine hawakucheka. Uni Yus aliniita kinyonga mla lamang, Uni Des akaniuliza rendang yake niliiweka tumboni au kwenye ndoo, Nelti akasema kwa upole kwamba watu kama mimi ndio huja kliniki wakiomba wahudumiwe kwanza. Halafu wakaniacha wakageukiana. Ya mwaka gani hayakutajwa! Cherehani iliyoazimwa isirudi, shela ya harusi iliyopunguzwa bila ruhusa, kuku. Nilitamani sakafu ile ya mbao imalize kulalamika na ifunguke kabisa.

Bu Nidar hakupandisha sauti. Alichukua kipanya mkononi mwangu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akangoja mpaka waishiwe pumzi.

"Kosa la kompyuta ni letu," akasema. "Afrimon aligusa zote akidhani anagusa moja. Hapa kuna neno, 'Tenganisha'. Nikilibofya, nyumba ya Nelti inakuwa ya Nelti, na lolote mtakaloifanyia halifiki kwa wengine. Lakini silibofyi kwa siri. Kila mmoja aseme hapa, mbele ya wenzake, anataka nini."

Uni Yus akaangalia dari. Nelti akakunja leso mara nne.

"Bafu," akasema Nelti hatimaye.

"Dirisha," akasema Uni Des.

Tukamsubiri mwalimu mkuu. "Jiko," akasema, kama mwanafunzi anayetaja jina la aliyevunja kioo.

"Vizuri," akasema Amak, na wote wakageuka. "Wewe jiko, wewe dirisha, wewe mahali pa kujisaidia. Na mimi nalala wapi?"

Katika nyumba tatu, vyumba kumi na viwili, hapakuwa na chumba cha Amak. Dada watatu walikuwa wamepanga kuibomoa nyumba hii ya mbao ili kupata nafasi, kila mmoja akiamini kwamba mama atakaa kwa mwenzake.

"Kwangu, Amak!" wakasema wote watatu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walifanana kama mayai.

"Kwako wapi? Nionyeshe." Amak akaninyooshea kidole. "Wewe mla lamang. Huo ugonjwa wa mashine yako, wa kugusa moja zikaguswa zote, umepona?"

"Bado, Amak."

"Usiuponye kwanza. Chora chumba changu. Chini, nisipande ngazi. Dirisha litazame barabara, nione nani anapita na nani. Chora kimoja, kiende kwa wote. Huyu akinichosha nahamia kwa yule."

Bu Nidar akanirudishia kipanya. Nikakaa kwenye mkeka, nikamchorea Amak chumba chake mbele ya familia nzima. Alinisahihisha kila hatua. Kizingiti hapana, atajikwaa. Kitanda kisiwe chini ya dirisha, ana mafua. Mlango ukapanuliwa mara mbili. Kila nilichobofya kilitokea mara tatu kwenye televisheni. Nilipomaliza, niliizungusha nyumba yote, juu na chini, mbele na nyuma, bila kuambiwa. Kisha nikaihifadhi kwa jina jipya na tarehe.

Hapo tu ndipo Bu Nidar akabofya "Tenganisha", mara tatu, akitaja kila jina kwa sauti na kuifutia kila nyumba yale ambayo mwenyewe hakuyaomba. Nyumba ya Uni Yus aliipeleka mwisho kabisa kulia, jiko lake linenepee kwenye ua wake mwenyewe. Ya Nelti akaiweka mwisho kushoto, bafu litazame ukuta wa mpaka. Uni Des akabaki katikati na dirisha lake. Uchochoro ukawa uchochoro tena. Waligombana kidogo juu ya nani amepewa upande wa jua, lakini ulikuwa ugomvi wa watu waliokwisha kushiba.

Kwenye gari, kurudi, Bu Nidar hakunigombeza. Alisema tu kwamba kuanzia Jumatatu chakula cha wateja kitaliwa mezani kwake.

Nyumba zilikwisha mwaka jana, kabla ya mfungo. Uni Yus sasa analitamani dirisha, Uni Des anasema bafu la Nelti ndilo lenye akili kuliko vyote, na Nelti hana neno na mtu, jambo linalowaudhi wote wawili. Amak amehama mara tano. Huwa hatangazi. Anakunja mkeka wake asubuhi na kumwita Uda Syaf kwa jina, na Uda Syaf anatoa mkokoteni, anapakia godoro, kibweta cha tambuu na redio, na kumsogeza nyumba moja kulia au moja kushoto. Siku hizi mke wake humwuliza yeye, kwa heshima kabisa, nani kamkasirisha mama safari hii. Naye hujibu kwamba atafikiria kama anaweza kusema.