Mikono Kwenye Bango

Studio ya Winfrida pale Mwanga ina koti moja jeusi. Linakaa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila anayekuja kupiga picha ya pasipoti bila koti analivaa hilo. Mwalimu kalivaa, mhubiri kalivaa, muuza mawese kalivaa akaliachia harufu mpaka leo. Mtu akiwa mwembamba Winfrida anamkusanyia kitambaa mgongoni na kukibana kwa vibanio vya nguo. Mbele unaonekana bwana mkubwa, nyuma umebanwa kama shuka kwenye kamba.

Mimi kazi yangu ni kutundika. Winfrida anatengeneza bango kwenye kompyuta, likishachapwa nabeba ngazi na kamba naenda kulifunga: dukani, kanisani, msibani, harusini. Shughuli ikiisha narudi kulifungua. Kabla ya hapo nimepita pengi. Nimechemsha chumvi Uvinza, nimevuna tumbaku Urambo, nimevua dagaa Kirando, na huko Kalemie ng'ambo ya ziwa nimekaa miaka bila kujua kilichoniweka. Hata shule nilisoma hivyo, kipande huku, kipande kule. Mahali pakianza kunizoea, naondoka. Na safari hii nilikuwa nimeshaongea na watu wa boti pale Kibirizi wanipeleke kusini. Winfrida nilimwambia mapema.

"Nenda tu, Mzee Nikodemu," alisema. "Ngazi uiache."

Siku aliyokuja Ella, mle ndani kulikuwa na mteja wa dagaa. Alitaka karatasi ya kubandika kwenye pakiti zake, na kila akionyeshwa mchoro anatikisa kichwa.

"Hawa samaki wana huzuni."

"Kaka, samaki amekaushwa. Ulitaka acheke?"

"Mchangamshe kidogo tu."

Winfrida akamchangamsha samaki. Ndipo akaingia msichana mrefu, simu mkononi, akatuamkia wote. Anatoka Bangwe. Kwao ni Warundi, wa wale waliovuka wakati wa vita na wakabaki. Alikuwa anaagwa Jumamosi, ile sherehe ya kumtoa binti kwao kabla ya harusi, akataka bango la kukaa nyuma ya meza kuu: yeye katikati, mama kushoto, baba kulia ameketi.

Shida ni baba. Gahungu, baba yake, alifia njiani wakati wanakimbia, Ella akiwa bado tumboni. Picha hana hata moja.

"Wakwe wanatoka Mwandiga," alisema. "Watakuja na baba, na baba wakubwa, na baba wadogo, basi zima. Mimi nyuma yangu nina mama na kiti."

"Basi kiti tukitoe," Winfrida akasema.

"Nilishakitoa kichwani, dada. Nikikitoa ndiyo kinaonekana zaidi."

Mimi nilikuwa chini nakunja kamba. Ella akanitazama, akatazama koti, akanitazama tena.

"Na huyu mzee?"

"Huyo ni mtundikaji wetu."

"Namuuliza yeye. Mzee, unaweza kukaa kimya kwenye picha?"

"Kukaa kimya ndiko ninakokuweza," nikamwambia.

Nikavalishwa koti. Vibanio vikanibana mgongoni. Nikakalishwa kwenye kiti, Ella akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Mama angeunganishwa baadaye kutoka picha ya kwenye simu. Winfrida alitengeneza taa, kisha akauliza mikono yangu naiweka wapi. Sikujua. Mikono yangu ni mikubwa, na kidole gumba cha kulia kilipinda kule Uvinza, kilinaswa na kamba ya gunia. Nilizoea kuificha mfukoni, na mifuko ya lile koti imeshonwa.

"Wa kushoto weka kwenye goti," Ella alisema. "Wa kulia, nishike mkono hapa begani. Hivyo. Data, usipumue sana, vibanio vitaruka."

Data ni baba, kwa Kirundi, na kwa Kiha chetu pia. Alikuwa anatania. Najua kutaniwa.

Wakati anaondoka alisimama mlangoni. "Jumamosi uje ukae pale kwenye kiti cha baba, Mzee. Watu wakiona picha watamtafuta mwenyewe."

Jioni ile nilishuka Kibirizi nikawaambia wale wa boti waende.

"Vipi, umepata mke?" mmoja akaniuliza.

"Nimepata kiti."

Wakacheka sana. Nikacheka nao.

Shati langu jeupe nilifua mwenyewe, nikaenda kwa jirani kuazima pasi ya mkaa. Kisha nikaanza kutafuta maneno. Baba wa bibi harusi husimama akasema mawili matatu, akawakabidhi wakwe mtoto. Nilikuwa nayasema nikiwa juu ya ngazi, maana kule hakuna anayekusikia. *Huyu ni binti yetu, tumemlea, mtunzeni.* Nikafika kwenye "tumemlea" nikakwama. Nikalitoa. Nikalirudisha.

Picha yetu Winfrida aliiacha wazi kwenye kioo cha kompyuta, anasafisha kingo. Nikawa na shughuli nyingi upande ule.

"Mzee, hapo umeshafagia," alisema bila kugeuka.

Alhamisi Ella alirudi, safari hii na mama yake, Ininahazwe, mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa vizuri. "Amahoro," alitusalimu, akakaa. Ella alimwinamia Winfrida akasema kwa sauti ya chini. Lakini studio ile ni ndogo, hata ukiguna inasikika.

"Mama hataki mtu wa kuokota."

Kumbe mama aliposikia kuna mtu atawekwa, alimpigia shemeji yake Dismasi kule Kasulu, kaka wa Gahungu ambaye Ella hakuwa akimhesabu. Dismasi alikuwa na picha ya mdogo wake, ya kitambulisho, ndogo kama stempu, ameitunza kwenye jalada la Biblia. Jana yake alipanda basi akaileta mwenyewe. Sasa ndiye angekaa kwenye kiti, na ndiye angesema maneno. Ni haki yake. Ni ndugu wa damu.

Mama alifungua leso akaiweka ile picha mezani. Winfrida akanitazama. Nikamwambia, "Weka. Ndiye baba yake."

Akaiingiza kwenye kompyuta, akaikuza. Alikuwa kijana, masikini. Shingo nyembamba, macho ya mtu aliyeambiwa asicheke. Picha ilikuwa na kichwa tu, kwa hiyo mwili ulibaki wangu, kwenye koti la studio. Uso wangu ukaondoka kidogo kidogo, kidevu, mdomo, kisha macho. Nilikuwa nimesimama nyuma naangalia.

Ilipokamilika, mama aliikunja leso yake. Kisha akasema, "Huyu ni mdogo kuliko mimi. Atakuwa mwanangu. Mzeeshe, binti yangu. Awe mwenzangu."

Winfrida akarudisha mvi zangu, akaziweka juu ya uso wa yule kijana. Akamchora mikunjo pembeni mwa macho. Mama alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Mume wake alikuwa anazeeka mbele yake, miaka yote aliyoikosa, kwa mkupuo.

"Hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo angekuwa. Hata mikono. Alikuwa na mikono hiyohiyo, ya mtu wa kazi."

Ella alinitazama, akatazama sakafu. Nikatoka nje kuangalia ngazi.

Jumamosi asubuhi nililitundika. Ukumbi uko karibu na maji pale Bangwe. Wanawake walikuwa wanafunga viti vitambaa vyeupe na utepe wa zambarau. Nilikuwa nimevaa shati langu, sijui kwa nini. Dismasi alisimama chini, suti ya kijivu, ananielekeza.

"Vuta kulia, mzee. Bado lina mkunjo."

Mkunjo ulikuwa kwenye bega la aliyeketi, pale ulipo mkono wa Ella. Nikaweka kiganja pale kuunyoosha, kiganja changu juu ya kiganja changu, gumba lililopinda juu ya gumba lililopinda. Nikavuta, nikafunga.

"Sawasawa," Dismasi alisema. "Asante, baba."

Sikuwangoja wageni. Niliiegesha ngazi nyuma ya ukumbi, nikateremka hadi kwenye mawe wanakooshea masufuria, nikakaa nikiangalia ziwa. Kipaza sauti kilinifikia. Nilimsikia Dismasi anakaribishwa, nikamsikia anaanza. Alisema kwa Kirundi na Kiswahili, vizuri, watu wakapiga vigelegele. Neno "tumemlea" hakulisema. Nadhani na yeye lilimkwaza.

Jumapili nilirudi kulifungua. Ndani alikuwamo mama peke yake, anafagia. Alikuja akashika ncha ya chini ya bango.

"Taratibu," alisema. "Usiukunje uso."

Nikafungua fundo la juu, nikashuka, nikaanza la kulia. Pale alikuwa karibu nami kabisa. Nilimwona anatazama kidole changu, halafu bango, halafu kidole. Mimi niliendelea na fundo. Liligoma kufunguka, na sikuwa na mfuko wa kuficha mkono, ulikuwa na kazi.

"Jana ulikuwepo?" aliniuliza.

"Nilitundika nikaondoka."

"Hukula."

"Sikula, mama."

Fundo likaachia, naye akaliachia bango likatua juu ya meza. Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pilau, jagi na beseni.

"Lete mikono."

Nikamnyooshea. Akaimiminia maji polepole, na mikono ilipokuwa imeshatakata aliendelea kumimina, anaitazama, mpaka jagi likaisha. Hakulia. Alinipa upande wa kitenge chake nijifutie.

"Unaitwa nani?"

"Nikodemu."

"Mwana wa nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu. Ilinibidi nilitafute, maana ni siku nyingi hakuna aliyeliuliza. Alilirudia mara moja, kama anayeonja chumvi, kisha akanivutia kiti cha meza kuu, kile cha kulia, utepe wake bado umefungwa.

"Kaa ule. Mimi nakunja."

Nikakaa. Mbele yangu ukumbi wote viti vitupu, vitambaa vimeanza kulegea. Yeye alilikunja bango kwa ndani, uso na mikono vikafunikwa pamoja, akalibeba kifuani akatoka nalo, sikumsikia tena. Pilau ilikuwa ya jana, imepoa. Nikala yote, kisha nikaenda kuchukua ngazi.