Nyuma ya Barua ya Marehemu

Siku ya tatu ya semina, Dada Fotokopi alikuwa anakusanya vikombe nyuma ya ukumbi alipomsikia Mwalimu Kipara akimsema marehemu.

"Huyu bwana alitaka rais ashike kila kitu," Kipara alisema, akiigonga nakala ya barua ya marehemu kwa kidole. "Bunge likae limwangalie tu, kama watoto wanavyomwangalia baba akila nyama. Na ndiye tunayemwita mtunga katiba."

Wenzake wakaangua kicheko. Walimu thelathini, wamekuja kusoma barua za zamani zilizozaa katiba ili wakazifundishe. Mkufunzi, mama wa miwani ya kamba, akaandika ubaoni: ALITETEA RAIS MWENYE NGUVU ZOTE. Saa nane somo hilo lingepelekwa wizarani, lichapishwe kwa shule zote.

Dada alibaki ameshika vikombe. Barua ile aliinakili mwenyewe kwa mashine Jumatatu, mkufunzi akimharakisha mlangoni. Karatasi ilikuwa nyembamba, na sasa alikumbuka wino wa nyuma ukionekana kwa mbele. Hakuigeuza.

Alishuka stoo ya nyaraka, akalitoa jalada lenye barua ile. Nyuma ya karatasi kulikuwa kumejaa maandishi. Shule yake iliishia darasa la saba, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Hayo ndiyo wasemayo wenzangu. Nimeyaandika yote nisije nikawaonea. Sasa nayajibu." Chini ya majibu, sahihi.

Akakaa juu ya boksi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, mkataba wake wa miezi mitatu unaoisha Ijumaa hautaongezwa; msimamizi alishamwambia: kosa moja tu, binti, mlango unaujua.

Akapanda ngazi na barua mkononi.

"Samahani, walimu. Huyo mzee mnamwonea."

"Leo hata chai ina maoni," Kipara akasema. "Anaonewa na nani, dada?"

"Na mimi. Nilinakili upande mmoja."

Mkufunzi akaipokea barua, akaisoma kwa sauti mpaka kwenye sahihi. Marehemu alikuwa amempunguzia rais kila kitu, kasoro kiti cha kukalia.

"Kumbe nimemtukana mtu wa watu siku mbili nzima," Kipara akasema.

"Tatu," jirani yake akamsahihisha.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Nani alinakili?"

"Mimi, baba."

"Nakala haikuwa na mwisho wala sahihi," mkufunzi akasema, "na sisi wasomi tumekaa nayo siku tatu, hakuna aliyeuliza. Ukimfukuza huyu, utufukuze wote."

"Kosa ni kosa," msimamizi akasema. Akamgeukia Dada. "Nenda kanakili upya, pande zote. Na kuna mafaili ya Jumatatu ijayo mezani kwangu. Uyapitie ukurasa kwa ukurasa kabla ya kugusa mashine."

Dada alizihesabu siku kimoyomoyo. Jumatatu ijayo ni baada ya Ijumaa. Akaitikia, akaondoka na barua.

Mashine ilikuwa bado inapata moto Kipara alipochungulia dirishani.

"Dada, nakala yangu mpya usiisahau. Kwenye hii ya kwanza nilimchora mzee wa watu mapembe."