Sahani ya Bi Sushila

Sahani ya bluu ilikaa juu ya vitabu vya Restuta, safi na tupu. Bi Sushila wa mlango wa pili aliileta ikiwa imejaa kachori, wiki ile Restuta alipohamia Peckham, ng'ambo, kwa masomo. Bukoba alikozaliwa Restuta, kama Unguja ambako Bi Sushila aliondoka na wazazi wake baada ya mapinduzi, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Na msomi wetu hakuwa na muda wa kupika.

Muda wake wote uliliwa na utafiti: jinsi waandishi wa riwaya wa Kimarekani wanavyouchora upweke wa mjini. Aliwajua vizuri wahusika wao, watu wanaoishi ghorofa moja miaka nenda miaka rudi, wakijuana kwa kikohozi tu. “Katika riwaya hizi,” aliandika, “jirani ni ukuta.” Msimamizi wake aliisifu sana sentensi hiyo. Jioni ileile, akitaka kutoka kununua maziwa, Restuta alisimama kwanza nyuma ya mlango wake, akatega sikio, akangoja kandambili za Bi Sushila zipite. Aliona haya kukutana naye mikono mitupu. Kesho nitapika, alijiambia, na kesho ikazaa kesho nyingine mpaka miti ya barabarani ikapukutisha majani.

Jumamosi moja alisikia vitu vikiburutwa koridoni. Alichungulia kwenye tundu la mlango, akaona kochi la Bi Sushila likiingizwa kwenye lifti. Alikimbilia jikoni, akamenya ndizi, akazipika kwa nazi, na kwa haraka yake akazipakua kwenye ile sahani kabla hazijaiva sawasawa, akatoka nazo.

“Shikamoo, Bi Sushila.”

“Marahaba, mwanangu. Kumbe upo!” Bibi alikuwa ameketi juu ya boksi, koti amekwisha kulivaa. “Mwanangu Praful ananichukua kwake Kenton. Hapa nikianguka, nani atajua?”

“Nisamehe, Bi. Sikutaka kukurudishia sahani tupu.”

“Sahani tu?” Bi Sushila alimkazia macho. “Mimi nikidhani kachori zangu zilikudhuru. Kila nikigonga, kimya. Hata kupika nikaacha, nikasema mkono wangu ushaharibika.”

Restuta aliinamisha kichwa. Afadhali angetukanwa.

Bibi alionja kipande, akakitafuna polepole na ubichi wake. “Tamu,” alisema. Akahamishia nusu kwenye kopo, kisha akamrudishia sahani na nusu iliyobaki. “Shika. Na mimi siirudishi tupu.”

Lifti ikashuka naye. Restuta alibaki koridoni, sahani ingali na joto viganjani. Ndani ya mlango wa tatu, ambamo hakuwahi kujua nani anakaa, mtu alikohoa. Restuta alisogea, akagonga.

Nyayo zilikuja mpaka nyuma ya mlango, zikasimama hapo, zikingoja aondoke.