Mkono wa Musallam Dirishani

Mume wangu Thabit akikupata mara ya kwanza, kabla hajakuuliza hali, atakuonyesha kombe lake. Kombe lenyewe la bati, mkono mmoja umevunjika. Alilipata Tabora mwaka 1957 kwenye mashindano ya magari. Barabara za mji zilifungwa siku nzima, wakazunguka stesheni, soko, hospitali, mpaka stesheni tena, na yeye akawaacha Wazungu na Wahindi wote nyuma. Hadithi hiyo naweza kuisimulia usingizini. Tulipohamia Ibra, huku Oman, nusu ya nguo zangu zilipotea bandarini, lakini kombe lilifika salama, na ile gari yake ya Pijo yenye usukani wa kulia ikafika pia.

Hapa tulikuwa bado wageni. Damu yetu ya hapa, kabila letu la hapa, lakini tukipita sokoni tunaitwa watu wa Zinjibari, hata huyu wangu wa bara ambaye Unguja kaiona kwa kupita tu. Ndiyo maana Musallam, mtu mzima anayeheshimiwa Ibra nzima, alipomposea mwanawe Marzouq binti yetu Shukriya, nililia kwa furaha. Alisema habari ataidhihirisha Idi, mbele ya watu.

Idi Pili ya mwaka 1978, lami ndiyo kwanza imefika. Farasi na ngamia walipomaliza ardha, yale mashindano yao ya Idi, wenye magari nao wakataka yao. Magari mawili mawili, kutoka mnarani mpaka wadini, kule kwenye bonde la mto mkavu. Musallam akamwita Thabit mbele ya kadamnasi: "Njoo na gari yako, uwe na mimi." Akamweka kushoto, yeye na Datsun yake kulia, wakawa dirisha kwa dirisha.

Musallam akatoa mkono nje. Thabit akaushika, akautikisa vizuri, kama walivyokuwa wakipeana Tabora kabla bendera haijashuka. Akauachia. Kisha, lahaula, akakanyaga mafuta.

Pijo ikaruka. Na mie, mjinga mwenzake, nikapanda juu ya jiwe nikapiga kigelegele. Nilikivuta kirefu, nikashika pumzi, ndipo nikasikia kuwa ni changu peke yake. Wanawake wote kimya. Kule barabarani Datsun inakwenda taratibu ndani ya moshi wa Pijo, na mkono wa Musallam bado uko nje ya dirisha, wazi.

Harub, shemeji yangu, aliyerudi Oman miaka mingi kabla yetu, akanijia mbio. "Bimdogo! Mumeo kafanya nini? Ardha haina mshindi! Wawili wanakwenda wameshikana mikono, wanafika pamoja. Hukuwaona wa farasi?"

Niliwaona. Nilidhani ni mbwembwe tu.

"Musallam kamchagua kwa ule usukani wa kulia, maana wake ni wa kushoto," akasema Harub, "ili mikono ifikiane. Hivyo ndivyo alivyotaka kuwaambia watu kuwa mmekuwa ndugu."

Uso ukaniwaka. Nikamtafuta Shukriya, kajifunika shela mpaka macho, mabega yanatetemeka. Na baba yake kule mwisho keshashuka garini, kanyanyua mikono yote miwili, anangoja kupongezwa. Wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni wangu kaja kumuua mwenyeji.

Nikamfuata palepale, sikujali wanaume. "Thabit, shusha mikono. Shusha, nakwambia!" Nikamweleza. Rangi yote ikamtoka.

"Kanipa mkono," akasema. "Nilidhani ananitakia heri."

Akaingia garini, akarudi polepole mpaka mnarani, akasimama palepale kushoto, akatoa mkono dirishani. Akangoja. Magari yakapita mawili mawili, hakuna aliyesimama kando yake. Watu wakimtazama, kisha wanatazama pembeni. Jua kali, mkono unachuruzika jasho, haurudishi ndani. Harusi ya mwanangu inaning'inia kwenye vidole vile na mie sina la kufanya. Wallahi niliona aibu.

Musallam alikuwa keshaiacha Datsun yake, kakaa mkekani na wazee wenzake, anakunywa kahawa. Akakitikisa kikombe kuonyesha kuwa imemtosha, akainuka, akaenda kwa miguu mpaka kwenye Pijo. Akaushika ule mkono.

"Zima gari, mkwe wangu," akasema, kila mtu anasikia. "Mimi na wewe tutakwenda kwa miguu."

Wakaenda. Njia nzima, kutoka mnarani mpaka wadini, wameshikana mikono, hakuna aliyemtangulia mwenzake hata kwa kisigino. Musallam kichwa juu. Wangu kainamisha chake, machozi yanadondoka kwenye kanzu mpya ya Idi, na Ibra nzima inayaona.

Mie nimesharudi kwa wanawake. Wadha, mama yake Marzouq, akanisukuma kwa kiwiko.

"Piga sasa, Bimdogo," akaninong'oneza. "Sasa ndiyo wakati wake."

Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Akanitazama kidogo, akapiga kigelegele yeye kwa niaba yangu.