Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

Mimi mdomo wangu hauna breki, na nimeolewa na fundi breki. Mtaa mzima unatucheka. Wacha wacheke, maana mwaka jana hapakuwa na cha kucheka.

Mimba yetu iliharibika ikiwa kubwa. Nikapasuliwa, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mume wangu alinipikia, akanifulia, akanishika mkono mpaka chooni. Lakini alihamia kwenye kochi la sebuleni, na nilipopona hakurudi chumbani. Tukipishana jikoni anajibana ukutani kama nimebeba sufuria la moto. Nikajua basi, mwili wangu unamtia kinyaa. Nikawa namtolea maneno, yeye akawa bubu. Mwisho nikafungasha begi niende kwa dada yangu.

Wifi yangu, muuguzi, ndiye aliyenikuta nalo.

"Nenda tu," akasema, "ila kwanza mpitie kwa mshauri wa wanandoa."

"Nikamwanike kaka yako mbele ya mtu baki? Ng'o!"

Nikaenda hivyo hivyo, shingo upande. Begi nikaliacha nyuma ya mlango, na dada yangu nikamwambia akae tayari.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, gauni lake pindo limeshonwa ovyo. Mimi ni fundi cherehani, lile pindo lilinikera kuliko ndoa yenyewe. Lakini Mungu ambariki yule mama, alijua kusikiliza! Kila nilipomkatiza mume wangu aliinua kiganja: "Mwache amalize." Mimi, kunyamazishwa! Mara za mwanzo tuliambulia patupu. Halafu siku moja akamuuliza, "Baba, ukitaka kumshika mkeo, nini kinakuzuia?"

Mume wangu akatazama mikono yake, grisi chini ya kucha. "Daktari alisema nisimguse mpaka aniambie. Kisha akahamishwa. Hajaniambia."

"Mwaka mzima?" nikaropoka. Kiganja kikainuka.

"Gereji kwetu," akaendelea, "mtu akiingia chini ya gari anafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, gari lisiwashwe. Hakitoi mwingine ila aliyekifunga, hata bosi hakigusi. Na mimi nilimwona mke wangu kwenye damu. Niliogopa nikimgusa nitamuua."

Jamani! Nikaangua kicheko, kikanigeukia kilio palepale. Mshauri hakucheka. Akatushauri twende hospitali nikapimwe, wasiwasi ututoke. Kisha akamwambia, "Ila kitambaa sasa anacho mkeo. Muulize yeye." Akaongeza, "Na wewe, baba, nani alikuuguza?"

Mume wangu akaanza kujikwangua grisi kwenye kucha.

Hospitali wakasema nimepona zamani. Mshauri akatupa kazi ya kufanya nyumbani: tushikane tu, basi, na mmoja akisema inatosha, tuache. Tukasimama sebuleni kama wageni wawili. Nashika mabega ya watu kutwa nzima, ya mume wangu nayaogopa! Nikachukua utepe wangu wa kupimia.

"Simama hapa nikupime shati."

"Naruhusiwa?" akauliza.

"Unaruhusiwa, baba. Hata kunishika unaruhusiwa."

Akaniwekea mkono begani. Vipimo vyake navijua kwa kichwa tangu uchumba. Nikazungusha utepe kifuani kwa kipimo kile kile, ukapwaya. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Ukapwaya tena. Mwaka mzima nilikuwa nahesabu alivyonikwepa, sikuona shati linavyomning'inia.

"Umekonda hivi tangu lini?"

"Tangu mtoto," akasema.

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba yetu. Utepe ukaniponyoka. Nikamkumbatia, akalia kwa sauti, mimi nikamlaza kichwa begani kwangu na mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, nikaufunga.

Yule mama baadaye nilimshonea pindo lake upya, na kila nikiomba namtaja.

Lakini siku ile, simu ililia tukiwa bado tumeshikana pale sebuleni. Dada yangu, anauliza kama naja, chumba kimekuwa tayari siku nyingi. Mume wangu akaipokea, anafuta machozi kwa kiwiko.

"Shemeji, haji," akasema. "Ananipima shati."