Haki ya Kulia Popote

Mnaopenda habari za nchi zenye amani, sogeeni, maana Tulivuni ilikuwa na amani mpaka inakera. Huko hakuna aliyepiga kelele. Wageni waliopita walipokelewa na Mfalme Kiboko, wakanyweshwa maji mpaka wakakinai, kisha wakaenda zao wakisema hawajawahi kuona nchi tulivu kama ile. Mfalme aliwasindikiza kwa macho tu, kwa sababu kutoka bwawani hakupenda.

Bwawa lenyewe liliitwa Hazina. Ndiyo maji pekee yasiyokauka kiangazi, na mifereji iliyolijaza ilichimbwa na wananchi kwa kucha na midomo yao. Kwa shukrani, kila mmoja alipewa funda moja asubuhi. Mfalme yeye alikaa humo kutwa, akinywa, akijisaidia, akisinzia. Ukumbi wa baraza ulijengwa kwa mawe ukalizunguka bwawa, ili asisumbuke kutoka kwa ajili ya vikao. Waziri Kenge, aliyesimamia maji na pia kuandika sheria, aliwahi kueleza kwamba Mfalme hakai majini kwa starehe. Anayalinda kwa mwili wake. Wajumbe walipiga makofi. Baraza lile lilikuwa na makofi kuliko akili, wacha niseme tu.

Ulinzi wa raia ulikuwa mikononi mwa fisi. Msicheke. Sheria ya babu yake Mfalme iliwabana: wale mizoga tu, tena wailie Bondeni, si kwingine. Basi fisi waliifuata. Walimkamata mtu kwa mahojiano, na kila aliyekamatwa, kwa bahati mbaya ya ajabu, alifariki njiani, na njia zote zilipita Bondeni. Kulikuwa na sheria nyingine ya kuisaidia ile: anayekamatwa akipiga kelele amezua taharuki, na familia yake inakatiwa maji. Kwa hiyo watu walikamatwa kimya na kuburutwa kimya. Majirani walikuta nyayo tu.

Kanga alikuwa mjumbe wa baraza kutoka nyikani. Dada yake alikamatwa nyuma ya nyumba akidonoa mbegu. Kanga alikuwa ndani, ukuta mmoja tu kati yao, na hakusikia kitu. Jirani aliyechungulia alimweleza baadaye kwamba marehemu alijing'ata bawa mpaka damu ikachuruzika, asije akalia, kwa sababu ndani ya nyumba ile mlikuwa na binti wa Kanga, mtoto wake wa pekee, na kiangazi kilikuwa kimeshika. Angekatiwa maji, asingefika masika. Tangu hapo Kanga alitaka jambo moja kuliko yote duniani: siku wakimjia binti yake, mtoto alie, na watu wasikie, na watoke.

Akaenda barazani na maswali yaliyowafanya wenzake watazame miguu yao. Aliuliza kwa nini fungu la usalama, yaani maji ya fisi, linaongezwa kila kiangazi, na wanaopotea nao wanaongezeka. Aliuliza bwawa linapunguaje wakati raia wananyweshwa kwa funda. Aliomba anayekamatwa aruhusiwe kupiga kelele.

"Fisi tunawalipa kwa maji yetu, na tunawalipa kwa watoto wetu," alisema. "Naomba Serikali ituambie bei halali ni ipi kati ya hizo mbili."

Jemadari Fisi akacheka, lakini ndivyo alivyokuwa akifanya hata misibani. Spika Korongo akamtaka Kanga afute kauli. Hakufuta. Akatolewa nje, akarudi nyumbani akijua kinachofuata, akamweka binti yake chini ya bawa na kungoja fisi.

Aliyekuja ni Waziri Kenge, na tabasamu. Alisema Mfalme ameguswa. Hoja ya kelele itapita, tena kwa msaada wa Serikali. Ila lile suala la fungu la usalama liende kwenye kamati, likakae. Kanga alijua vizuri maana ya likakae. Alimtazama binti yake akioga vumbi mlangoni, akakubali. Msimhukumu haraka, nawajua na ninyi mmekubali makubwa kuliko hayo kwa sababu ndogo.

Wakaketi kuinyoosha lugha. Kenge alikuwa mpole kama mkunga. Alisema kupiga kelele ni maneno ya sokoni, sheria iandikwe kulia, neno la heshima lenye huzuni yake. Tena kwa nini mtu alie akikamatwa tu? Iwe popote. Na kwa nini raia peke yao, tunabaguana? Iwe kila mkazi. Mwisho akaongeza mstari wa kawaida wa kufuta sheria za zamani, na Kanga, akiifikiria ile ya taharuki, akamshika mkono kwa shukrani.

Siku ya kura Korongo aliisoma kwa sauti: "Kila mkazi wa Tulivuni atakuwa na haki ya kulia popote na wakati wowote, na asizuiwe na mtu. Sheria yoyote inayopingana na hii imefutwa."

Ninyi wenye Kiswahili chenu naona mmeshaguna. Kanga hakuguna. Mtu aliyehangaikia kitu muda mrefu, akipewa, hakigeuzi kuangalia upande wa pili. Alisimama akasema naomba kutoa hoja, wajumbe wakaitikia ndiyo, na fisi waliokuwa mlangoni wakashangilia kuliko wote. Kanga alifurahi kuona hata wao wana utu. Mjinga yule. Namwonea uchungu, lakini mjinga.

Alikuwa bado ukumbini akipokea pongezi wakati fisi wawili walipoingia nyumbani kwake, mchana kweupe, wakapangusa miguu mlangoni na kuketi. Binti akalia. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kama Kanga, mama yake, alivyomfundisha. Mtaa mzima ulisikia, na watu walitoka, kila nyumba, sawasawa na alivyoomba Kanga. Walijaa mlangoni. Fisi mmoja akawanyooshea mkono wasubiri, akameza kwanza.

"Mtoto ametumia haki yake," alisema, "na sisi tunatumia yetu. Zamani tulikuwa tunabeba mpaka Bondeni, migongo inatuuma."

Akawasomea sheria, maana alikuwa nayo. Watu walitazamana. Walikuwa wengi na fisi walikuwa wawili, lakini sheria ilikuwa imepitishwa, tena na mjumbe wao wenyewe. Wakapisha njia fisi wapite.

Kanga alirudi ukumbini na manyoya mkononi, mtaa wote nyuma yake. Aliuliza kama ni hiki alichokiomba. Kenge alimjibu taratibu, kama mtu anayemweleza mfiwa mahali pa kuketi. Alisema neno lina maana mbili, kulia machozi na kulia chakula, na Serikali haiwezi kupendelea moja. Kuhusu mizoga na Bondeni, hiyo ni sheria ya zamani, na imefutwa.

"Haikufutwa na sisi, Mheshimiwa," alisema. "Uliileta mwenyewe, ukasimama, ukaomba kutoa hoja."

Kanga aliomba irekebishwe. Korongo akasema marekebisho yapelekwe kwenye kamati, ndiyo ile ile yenye suala la fungu la usalama, na kamati haijapata nafasi ya kukutana.

Hapo Kanga alikaa sakafuni akalia. Nyuma yake akalia swala mmoja jike, kisha mwingine, kisha wote: waliochukuliwa waume wakameza mate, waliochukuliwa watoto wakajifunga midomo kwa ajili ya funda moja la maji. Vilio vya viangazi vyote vile vilitoka kwa pamoja, na kuta za mawe zikavirudisha mara mbili. Wajumbe waliziba masikio. Wageni waliokuwa wakinyweshwa upande wa pili wa bwawa walisimama kuuliza kuna nini. Korongo, amefadhaika, akamwomba Mtukufu Mfalme aamuru watu hawa wakalie nje.

Kiboko aliinua kichwa majini.

"Nje kwa nini? Ni haki," alisema. "Lieni humu humu."

Kanga aliinua uso wenye machozi kumshukuru, akidhani ameambiwa yeye. Nyuma yake fisi walikuwa wanafunga milango.