Mkono Kwenye Kiti cha Nyuma

Mjukuu wangu Mourine alipiga hesabu ya magari kwenye karatasi ya daftari, akaibandika kwa plasta ya hospitali kwenye kabati la vyombo ili niione kila nikichukua kikombe. Upande mmoja aliandika gari letu la zamani, stesheni wagoni ambayo marehemu mume wangu, Mirumbe, aliinunua kwa pesa za tumbaku. Upande wa pili aliandika gari la umeme lililokwishatumika, ambalo kijana mmoja alikuwa akiliuza Homa Bay. Kutoka kwetu Suna hadi Homa Bay na kurudi, petroli ilikuwa zaidi ya elfu tatu. Umeme haukufika mia saba. Chini alipiga mstari mara mbili, akaandika: "Nyanya, hili la zamani linatumaliza."

Sikubishana na karatasi. Mourine ni muuguzi, anahesabu matone ya dawa, hawezi kushindwa na petroli. Lakini kulikuwa na gharama moja ambayo hakuiandika kwa sababu sikuwahi kumwambia. Binti yangu Damaris, mama yake Mourine, alifia kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, upande wa kushoto. Na mimi nilijua kwamba bado yumo.

Ilikuwa mwaka 2001. Damaris alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na daktari aliyekuwa akimwangalia alikuwa Homa Bay. Mirumbe aliendesha, mimi nikakaa nyuma nimemshika mkono. Kipimo cha petroli kilikuwa kimeharibika, na Mirumbe alizoea kutia kidogo kidogo. Tulipofika Rodi Kopany gari likakohoa, likazima. Petroli haikuwepo pale. Mirumbe akafungua boneti ingawa alijua tatizo haliko huko. Nikamwambia Damaris, "Nakuja sasa hivi," nikatoa mkono wangu kwenye wake, nikachukua mtungi kwenda kuuliza wenye pikipiki. Mmoja alininyonyea ya kwake kwa mpira, akakataa pesa, kisha akaenda zake akiisukuma pikipiki. Sijausahau mgongo wake.

Niliporudi nilimkuta mama mmoja wa sokoni, Orpah, amekaa mahali pangu. Aliacha vitunguu vyake bila mtu wa kuviangalia. Ndani ya leso yake mwenyewe alikuwa amemfunga Mourine, mzima, analia. Damaris alikuwa ameshakwenda. Nilimuuliza Orpah kama alisema neno. Akajibu kwa upole, "Alikuwa anatafuta mkono wako."

Kwetu mtu akifia njiani, watu wake hurudi pale pale wakamwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Kwenye kila daraja humjulisha kwamba sasa tunavuka, asije akabaki. Mirumbe alikataa. Alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, na alishikilia kwamba aliyekufa amelala, hasikii kitu mpaka siku ya kuamshwa. Tukamzika Damaris nyuma ya nyumba bila kumwita. Mimi nilinyamaza. Nilimpenda mume wangu, naye alikuwa akilia bafuni akidhani simsikii.

Tangu hapo gari likawa la kijiji kizima. Mirumbe hakuacha tena tangi lishuke chini ya nusu, na hakuna mama mjamzito aliyebisha kwetu akarudishwa. Alipofariki nikaanza kuendesha mwenyewe. Nyuma sikukaa tena hata siku moja.

Wa kwanza kuniambia alikuwa Metrine, mke wa fundi viatu. Nilimpelekea uji siku ya pili baada ya kujifungua. Akasema, "Mama, unishukurie yule dada aliyekaa na mimi nyuma. Mkono wake ulinitoa mbali."

Nilipompeleka hospitali, nyuma alikuwa peke yake. Nikamuuliza mkono wenyewe ulikuwaje.

"Una baridi kidogo. Na kovu hapa, chini ya kidole gumba."

Damaris alijikata hapo akimenya muhogo, akiwa na miaka tisa.

Wakaja wengine. Kuna waliosema dada, kuna waliosema mkunga. Mmoja aliniuliza mbona msaidizi wangu haongei. Niliwajibu wote kwamba nimesikia, nitafikisha. Halafu nilikwenda kusimama kando ya gari na kuchungulia dirishani, na kile kiti upande wa kushoto nilikikuta kimebonyea, kama kimekaliwa. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nafurahi, na sikutaka mtu aninyang'anye kimoja wala kingine.

Lakini mwezi wa nane gari lilizima mlimani nikiwa nimembeba Nyasuguta, mwenye mimba ya mapacha. Wauza makaa waliweka magunia yao chini wakasukuma mpaka lami, jasho jeusi likiwatiririka. Pacha wa pili alizaliwa amechoka, akakaa siku nne kwenye oksijeni. Mourine alipopata habari hakunigombeza. Alileta karatasi.

Basi Jumapili moja tukaenda Homa Bay na gari la zamani, Mourine akiendesha. Kijana muuzaji aliitwa Cliff. Alitukaribisha kwa soda, akalizunguka gari letu, akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu.

"Mama, hii yenu inakunywa kuliko shemeji yangu."

"Shemeji yako akilewa anafika kwake?"

"Anafikishwa."

"Basi na hii hufikishwa."

Mourine alicheka, kisha akaanza kumbana. "Betri inaenda mpaka wapi? Usiniambie ya karatasi. Niambie ya milima ya kwenda Rongo, watu watatu ndani."

"Ukiijaza hapa, Suna utafika na kubakisha kidogo. Kurudi, uchaji tena."

"Na stima ikipotea? Kwetu hupotea."

"Ndiyo maana unachaji kila siku, hungoji iishe. Hii si petroli, dada, eti mtu anaweka ya mia mbili akiomba Mungu."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua. Mimi niliangalia chini.

"Na hili letu litaenda wapi?" nikamuuliza.

"Likiwa zima halina mteja, Mama. Kuna mtu Oyugis atalikata. Milango kivyake, injini kivyake. Viti huwa anachoma, havina soko."

Nikawaomba waniache kidogo. Nilifungua mlango wa nyuma wa kulia nikaingia, mara yangu ya kwanza baada ya miaka ishirini na minne. Jua lilikuwa kali nje, lakini ndani mlikuwa na ubaridi wa chumba kisichofunguliwa. Niliweka kiganja changu juu ya kiti, katikati, nikangoja. Nikasikia Cliff akiongea kwa simu mbali. Hakuna kilichonigusa.

Mourine akaja akafungua mlango wa kushoto, akainama kutaka kuingia.

"Usikae hapo," nikamwambia.

Alibaki amesimama, mkono mlangoni, nami nikamweleza yote. Mtungi, mkono, Orpah, Metrine, kovu. Alinisikiliza kama wauguzi wanavyomsikiliza mgonjwa, bila kunikatiza. Nilipomaliza akatazama kile kiti muda mrefu.

"Yuko hapa sasa?"

"Sijui. Mimi hajawahi kunishika."

"Ameshika wangapi?"

"Walioniambia ni kumi na saba."

Akafuta paji la uso. Nilidhani atanikumbusha mafundisho ya babu yake. Badala yake akasema polepole, "Nyanya, sisi zamu ikizidi masaa kumi na mawili tunaandika barua kwa mkubwa. Huyu, miaka ishirini na minne. Nani amewahi kumpa likizo?"

Neno hilo lilinikalia kifuani. Wiki nzima nilikuwa nimepima nitakachopoteza mimi gari likiondoka. Kwamba yeye analipa nini likibaki, sikuwahi kujiuliza. Nilimwacha anangoja mkono, na katika kungoja akawashika mkono mabinti wa wenzangu, na mimi nikaona huko ndiko kuwa pamoja naye.

"Na wale wamama?" Mourine akauliza. "Watashikwa na nani?"

"Bichage wa jirani ana leseni. Ataendesha yeye. Mimi nitakaa nyuma."

Kisha nikamgeukia mwanangu. Nilikuwa nimesahau namna wazee walivyokuwa wakisema, kwa hiyo nikasema nilivyoweza. "Damaris wa Mirumbe. Gari hili tunaliuza. Nilikwenda kutafuta petroli nikachelewa. Sasa nimerudi. Shuka, twende nyumbani."

Pale palipobonyea pakainuka taratibu, kama unga unaoumuka. Mourine aliona. Aliondoa mkono mlangoni, akarudi hatua moja nyuma kumpisha mtu.

Cliff alikuwa amemaliza simu yake. Alitutazama, akavua kofia, akasimama hivyo hivyo mpaka tulipomwita. Wakati wa kuandikiana alipunguza bei kidogo bila kuombwa.

Gari jipya halina sauti. Mourine alipoliondoa nilidhani tunasukumwa na mtu. Nilikaa nyuma kulia, mkanda wa kushoto nikaufunga juu ya kiti kitupu, Mourine akinitazama kwenye kioo bila kucheka. Kwenye kila daraja, hata vile vidogo vya mifereji, nilisema, "Damaris, tunavuka." Katika ukimya ule sauti yangu ilikuwa kubwa mno. Katikati ya maneno nilisikia pumzi tatu ndani ya gari, au mbili, nikazihesabu tena nikapotea.

Tulipokaribia Rodi Kopany, Mourine akapunguza mwendo. "Nisimame?"

"Hapana," nikasema. "Hapa tulishasimama vya kutosha. Damaris, tunapita."

Akakanyaga. Mkono wangu ulikuwa katikati ya kiti, wazi. Nilijizuia kuufumba.

Kwenye milima betri ilishuka upesi. Mourine alizima feni, akazima redio ambayo hata haikuwa ikisikika, tukafungua madirisha. Hakusema kwamba anaogopa, ila kila tukimaliza mwinuko aliniambia tumebakisha ngapi. Tuliingia Suna mwanga ungalipo, gari likionyesha alama nyekundu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Hakuliegesha mbele ya nyumba. Alilipeleka mpaka nyuma, karibu na kaburi, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto na kuufungua ule mkanda. Gari likaanza kulia tii, tii, kwa kuwa mlango uko wazi. Mourine alishika mlango kwa mkono mmoja. Ule mwingine akaunyoosha ndani, kiganja juu, kama wanavyofanya wanapomshusha mgonjwa.

"Mama," akasema, "shuka polepole. Hapo kuna tope."

Tukangoja. Gari liliendelea kulia, naye hakuufunga mlango.